Walikuja Kutafuta Mkosaji

Kabla mdogo wangu hajamaliza wiki moja duniani, zilikuwa zimeshatajwa sababu tatu za yeye kuzaliwa vile, na zote ziliishia kwa mama. Shangazi alisema kuna mbuzi wa ukoo ambaye baba hakumtoa alipooa, na deni la namna hiyo humfuata mwanamke hadi tumboni. Mama mkubwa alikumbuka kwamba mama, mimba ikiwa changa, alivuka mto kwenda kuzika, na aliporudi hakuoga kabla ya kuingia ndani. Sababu ya tatu ilitoka kanisani, nayo ndiyo iliyodumu kuliko zote.

Ilikuwa Aprili 1988, Vunjo, juu ya Himo, masika yamekaza hata gari la asubuhi lilikuwa linashindwa kupanda. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wanawake walikuja kumwona mzazi kama ilivyo desturi, wamebeba mtori kwenye masufuria na maziwa kwenye vibuyu. Walianza vigelegele tangu uani, na vigelegele vilikatika mara mtoto alipofunuliwa. Chini ya mgongo alikuwa na uvimbe usiozidi ngumi yake mwenyewe, ngozi yake nyembamba inang'aa na kutoa majimaji. Mikono ilicheza, mdomo ulinyonya kwa nguvu, sauti ya kulia ilifika hadi kwa jirani. Kuanzia nyonga kushuka chini hakuna kilichojibu.

Mkunga wa zahanati aliufunika uvimbe kwa shashi iliyolowekwa maji ya chumvi, akamwagiza mama amlaze kifudifudi na ampeleke hospitali kubwa mara barabara itakapopitika. Akaongeza neno ambalo mama alilitaja mpaka uzeeni: "Huu tunauita mgongo wazi, mama. Nimeshawapokea wengine. Wewe si wa kwanza." Katika wiki zile ni yeye peke yake, kati ya wote waliomwona mtoto, aliyemweleza mama kilichokuwapo bila kumweleza kilichosababisha.

Kikundi cha maombi kilikuja jioni ya Alhamisi. Miaka ile uamsho ulikuwa umewaka katika sharika nyingi za Kilutheri upande wetu, na watu wengi waliacha pombe, wakapatana na wake zao, wakaanza kuimba hata shambani. Sisemi uamsho ulikuwa mbaya. Kwa baba yangu mwenyewe uliacha alama njema. Lakini jioni ile waliimba, wakaomba, kisha mama mmoja akapiga magoti mbele ya kitanda na kusema kwa upole kabisa, "Mama, Bwana haadhibu bure. Kama kuna jambo, litoe leo, mtoto apone."

Nilikuwa jikoni, nikiwachemshia chai. Nilichosikia nilikielewa nilipokuwa mtu mzima, na ndipo kiliponiuma: mama alitafuta. Alianza kutafuta dhambi ndani ya maisha yake kwa bidii ya mtu anayeamini kwamba akiipata, mwanawe atatembea. Akataja ugomvi na wifi yake kuhusu zamu ya maji ya mfereji. Akataja maneno aliyomjibu bibi. Wakaendelea kumngoja. Mwishowe akasema kwamba alipojijua ana mimba hakufurahi, maana aliyetangulia alikuwa bado ananyonya na kahawa ya mwaka ule ilikuwa imeliwa na ugonjwa. Kwamba usiku mmoja alilia na kumwambia Mungu hakuitaka.

Mtu mmoja akasema, "Ndilo hilo."

Mtoto hakupona, bila shaka. Wao walikwenda zao wakiwa wameridhika kwamba siri imetoka, na mama alibaki nayo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanawake wangapi hujisikia hivyo miezi ya kwanza? Mimi leo ni mkunga, nimekaa nao chumbani. Ni wengi mno, na watoto wao huzaliwa na migongo iliyofungika.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwinjilisti wa mtaa wetu, mzee mwembamba ambaye kanisani hakuwa mhubiri wa kusisimua. Baba alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba. Mwinjilisti akakaa kwenye kigoda, akachukua tyubu iliyokuwa inangoja, akaanza kuikwaruza tayari kwa kiraka huku baba akipaka solusheni kwenye nyingine. Walifanya kazi hadi karibu adhuhuri. Sijui kama walisema maneno kumi. Akaja tena siku nyingine, na nyingine. Miaka baadaye, katika darasa la kipaimara, ndiye aliyetufundisha kitabu cha Ayubu, na nilimtambua mle ndani. Alituonyesha kwamba wale rafiki watatu walianza vizuri sana: walikaa chini vumbini na mwenzao siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua kinywa kumweleza kwa nini. Na mwisho wa kitabu, Mungu aliwakasirikia wao waliokuwa wakimtetea, akasema Ayubu, aliyekuwa akimpigia kelele Mungu huyohuyo, ndiye aliyenena sawasawa. Tulikuwa watoto, wengine walikuwa wakitazama nje kwenye migomba. Mimi nilishika penseli na mkono ukanitetemeka.

Ndiye pia aliyetupeleka kwenye sura ya tisa ya Yohana. Wanafunzi wanamwona mtu aliye kipofu tangu kuzaliwa, na wanamuuliza Yesu mkosaji ni nani, ni yeye mwenyewe au ni wazazi wake. Wanatoa majibu mawili tu ya kuchagua, na Yesu anayakataa yote mawili. Anasema kazi za Mungu zitaonekana kwa mtu huyu, na papo hapo anaongeza kwamba imetupasa kufanya kazi maadamu ni mchana. Kisha anatema mate, anafanya tope, anampaka macho, anamtuma kwenye birika la Siloamu. Katika Luka 13 kuna Siloamu hiyohiyo: mnara wake ulianguka ukaua watu kumi na wanane, na Yesu mwenyewe akauliza kama watu walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hapo nako alikataa. Mahali pamoja, swali moja, na mara zote mbili Bwana hakukubali kuwapa mkosaji waliyemtafuta. Sikuelewa, na mpaka leo sielewi, jinsi kundi la watu wanaobeba Biblia kila Alhamisi walivyoipita sura hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mama yangu.

Barabara ilipokauka walimpeleka. Nauli na dawa zilitoka kwenye malipo ya pili ya kahawa, na pungufu lililobaki lilitoka kwa mwenye duka pale Himo, Mwislamu, ambaye aliwaambia ni mtihani wa Mwenyezi Mungu na kuwaandikia deni bila tarehe. Madaktari waliufunga mgongo. Wakatangaza wazi kwamba kuufunga hakurudishi mishipa iliyoharibika. Miguu itabaki vile, haja ndogo na kubwa hataweza kuzizuia. Wakasema pia waangalie kichwa.

Mama alikipima kila Jumamosi kwa futi ya kushonea. Kufikia Agosti utosi ulikuwa umejaa na kukaza, na macho ya mtoto yalianza kuteremka hata weupe ukaonekana juu ya mboni. Wakarudi. Daktari akawaeleza kwamba ndani ya kichwa cha kila mtu maji hutengenezwa mchana na usiku, huzunguka ubongo, kisha hurudi kwenye damu. Kwa mtoto huyu njia imebanwa, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo imevutwa chini kwenye shingo. Wataweka mrija mwembamba kutoka ndani ya kichwa, upite chini ya ngozi nyuma ya sikio na kifuani hadi tumboni, na kwenye mrija kutakuwa na valvu, maji yatoke na yasirudi.

Baba, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa anaitikia kila neno bila kulishika, aliinua kichwa. Akauliza valvu inafunguka kwa shinikizo gani. Likizidi je? Ikiziba mtu atajuaje, na je, inaweza kuzibuliwa au hubadilishwa nzima? Mama alisimulia kwamba daktari alivuta kiti akakaa, wakaongea kama mafundi wawili. Tangu siku hiyo baba hakuuliza tena kwa nini. Nadhani alikuwa amepewa kitu cha kushika.

Nilipokuwa chuo cha uuguzi nilijifunza valvu ile ilikotoka, nikarudi likizo kumweleza. Mwaka 1955, Philadelphia, Marekani, fundi wa mitambo aitwaye John Holter alipata mtoto wa kiume, Casey, mwenye mgongo wazi, na kichwa kikaanza kujaa maji kama cha mdogo wangu. Mirija ya wakati ule iliziba au iliruhusu damu kurudi kichwani. Holter alimsikiliza daktari wa upasuaji Eugene Spitz, akarudi nyumbani kwenye karakana yake, akatengeneza valvu inayofunguka upande mmoja tu. Mwaka uliofuata ilianza kutumika, ikaenea dunia nzima. Baba alinisikiliza akiwa ameshika spana. Akauliza, "Na mtoto wake alipona?" Nikamwambia hapana, Casey alifariki akiwa bado mdogo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi wetu anaishi kwa mpira wa mtoto wa mwenzetu."

Neno hilo nimelichunguza miaka mingi, kwa sababu linaweza kupindishwa. Kuna mahubiri yanayosema Mungu alimpiga Casey ili maelfu wapone, kwamba kila mateso yana faida yake iliyopangwa. Mungu wa namna hiyo nisingeweza kumwomba. Baba hakusema hivyo. Alisema kwamba baba mmoja, mbele ya mwanawe anayekufa, alifanya kazi, na kazi yake ikafika Vunjo. Hiyo naiamini kuwa kazi ya Mungu, na naisema bila kusita. Tope la Siloamu lilitengenezwa kwa mate na udongo wa njiani. Valvu hii ilitengenezwa karakanani.

Alikua. Nakumbuka siku alipokuwa na miaka mitatu hivi, akijiburuza jikoni, mguu ukaegemea figa lenye moto. Hakulia. Aliendelea kucheza na kijiko. Ilikuwa harufu iliyomfanya mama ageuke. Kidonda kile kilichukua miezi kufunga, na tangu hapo ilikuwa sheria ya nyumba: kila jioni miguu inakaguliwa kwa taa, vidole, nyayo, visigino, maana yeye hawezi kutuambia. Paul Brand, daktari mwana wa wamishonari aliyezaliwa India mwaka 1914, aliwatibu wagonjwa wa ukoma Vellore na akagundua kwamba vidole vyao viliharibika kwa kuwa hawakuhisi maumivu, hivyo waliungua na kukatika bila kujua. Akaandika kwamba maumivu ni zawadi ambayo hakuna anayeitaka. Nilipomsoma nilikubali kila neno. Adui wetu mkubwa nyumbani alikuwa maumivu yasiyokuwapo. Anayeuliza kwa nini Mungu aliumba maumivu, hapo amepata sehemu ya jibu. Sehemu tu. Hakuna sentensi ya Brand inayoniambia kwa nini mishipa ya mdogo wangu haikufika miguuni.

Mwaka 1992 mama alizaa msichana mzima, mzuri, anayerusha miguu. Watu walikuja tena na mtori, na safari hii vigelegele havikukatika. Wakasema, "Mungu amemsamehe." Walisema mbele ya mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigari ambacho baba alimtengenezea kwa magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Miaka minne, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Laana aliyopewa kwa kunong'onezwa sasa alipewa kwa furaha: kama huyu ni msamaha, yeye ni nini?

Sasa niseme nilichojifunza kazini, kwa sababu kimebadilisha kabisa namna ninavyosikia maneno "Mungu ameruhusu."

Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe bapa unaojikunja na kujifunga, na kazi hiyo huisha kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi siku hiyo hawajajua hata kama wana mimba. Mama alipolia usiku ule, mgongo wa mwanawe ulikuwa umeshabaki wazi wiki kadhaa. Natamani ningeweza kuirudisha habari hiyo kwenye jioni ya Alhamisi. Sababu za kutofunga ni nyingi na huchangamana: urithi, kisukari, baadhi ya dawa za kifafa, homa kali, na wanasayansi wanaishuku pia sumukuvu ya kwenye mahindi. Lakini ipo moja inayojulikana vizuri, nayo ni upungufu wa foliki asidi. Kuanzia 1983 madaktari wa Uingereza walifanya jaribio katika nchi saba kwa wanawake waliokuwa wameshazaa mtoto mwenye tatizo hili. Matokeo yalitangazwa mwaka 1991: vidonge vilivyoanzwa kabla ya mimba vilizuia karibu robo tatu ya marudio. Kwa hiyo masika yale ya 1988, mama akitafuta dhambi yake, jibu lilikuwa tayari linakusanywa. Mwaka uliofuata matokeo alimzaa mdogo wetu wa kike bila kidonge hata kimoja, na bila mtu wa kumwambia kwamba vidonge vipo.

Tanzania ilifanya kuwa lazima kwa viwanda kuongeza virutubishi, foliki asidi ikiwamo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011. Ni jambo jema. Lakini unga wa kijijini kwetu hautoki kiwandani, unatoka kwenye mashine ya kusaga ya jirani, na huko hakiongezwi kitu. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye foliki asidi ndani yake, tunavitoa kliniki, na mjamzito wetu huja mwezi wa nne au wa tano. Anavihitaji kwa damu yake. Kwa mgongo wa mtoto amechelewa, na kuchelewa huko hakukutoka mbinguni. Katika habari ya vichwa vikubwa ni vilevile: pale Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf na wenzake waliona kwamba watoto wengi walioletwa hawakuzaliwa hivyo, walipata maambukizi ya ubongo katika wiki za kwanza. Sehemu kubwa ya yale tunayoyaweka mlangoni kwa Mungu ni yetu sisi, yanahusu unga, barabara, bajeti, na nani aliona ni muhimu.

Hapa nina hofu, na sitaificha. Nimewasikia wauguzi wenzangu wakimuuliza mama aliyejifungua, "Hukunywa vidonge? Mboga za majani ulikula?" Kwa sauti ileile. Mama yangu alikula mnafu karibu kila siku ya maisha yake. Sayansi inaweza kuvaa sare nyeupe na kupiga magoti kando ya kitanda, kutafuta mkosaji yuleyule. Elimu hii ni ya kupewa msichana kabla. Haifai hata kidogo kumpiga nayo mwanamke baada ya kuzaa.

Na ile sehemu isiyo yetu? Maana ipo. Hata vidonge vikiwafikia wote, watoto wenye mgongo wazi wataendelea kuzaliwa, wachache, na mama zao watauliza. Nimesoma nilivyoweza. Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo, alimtaja mtu wa mji wa Hippo Zaritus, Tunisia ya leo, mwenye mikono na miguu iliyopinda yenye vidole viwili viwili. Akasema mtu huyu ni mwana wa Adamu kamili, na kwamba Mungu anajua uzuri wa kitu kizima ilhali sisi tunaona kipande na kukwazika. Namshukuru kwa nusu ya kwanza. Karne nyingi watoto kama hawa walihesabiwa si watu, naye alisimama upande wao. Nusu ya pili siwezi kumpelekea mzazi wodini. Hakuna mama anayefarijiwa kwa kuambiwa mwanawe ni rangi nyeusi inayopendezesha picha.

Upo pia mstari mgumu katika Kutoka 4, ambapo Mungu anamwambia Musa kwamba ni yeye anayemfanya mtu kuwa bubu, kiziwi au kipofu. Siukimbii. Naona tu kwamba anamwambia mtu mwenye kigugumizi anayekataa kutumwa, na anachompa baada ya hapo ni ahadi ya kwenda naye. Paulo anaposema katika Warumi 8 kwamba uumbaji wote unaugua kwa utungu, nasikia kama mkunga. Utungu ninaujua. Ni mateso yanayokwenda mahali, na aliye ndani yake haoni mahali hapo. Anahitaji mtu wa kubaki chumbani. Imani yangu imekaa hapo: Mungu aliingia chumbani na hakutoka. Alitobolewa mikono. Na alipofufuka, Tomaso alionyeshwa makovu. Mwili wa utukufu ulibaki nayo. Nancy Eiesland, msomi Mmarekani aliyezaliwa na kasoro ya mifupa na kufariki mwaka 2009, alijenga kitabu kizima mwaka 1994 juu ya hilo, kwamba Kristo mfufuka ni Mungu mwenye ulemavu. Nilimsomea mdogo wangu kurasa kadhaa kwa Kiswahili changu cha kutafsiri papo hapo.

Kwa hiyo niseme anavyosema yeye. Katika Yohana 9 Mafarisayo wanawabana wazazi wa kipofu, na wazazi wanajibu kwamba mwana wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Kanisa letu lilichelewa kumuuliza mdogo wangu. Anatengeneza simu na redio. Anatumia mrija kutoa mkojo kila baada ya saa chache tangu muuguzi mmoja alipomfundisha akiwa shule ya msingi, na ndiyo maana figo zake zipo. Valvu yake ilibadilishwa akiwa kijana. Anasali kuliko mimi. Anasema maumivu ya mgongo humtesa siku za baridi na siku hizo humwomba Mungu amwondolee, hana haya nayo. Lakini hapendi kushikwa kichwa na wageni stendi na kukemewa pepo. Kuhusu ufufuo nilimuuliza kama anatamani kutembea. "Dada," akasema, "sijui kutembea kukoje, nitatamanije? Natamani kutosumbuliwa na vidonda. Na ningependa Mungu anitambue nikifika." Kuhusu kwa nini, alisema swali hilo huulizwa zaidi na watu wanaotembea. La kwake limekuwa nani atakuja, na huweza kuwataja kwa majina waliokuja.

Mama alifariki akiwa ameshalisikia lile la siku ya 28. Nilimweleza kwa kurudia, na kalenda mkononi, nikimhesabia tangu alipokosa siku zake hadi usiku aliolia. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Alinyamaza, kisha akasema kwamba angependa wale wa kikundi nao waelezwe, ila wengi walikuwa wameshakufa.

Mwaka jana usharika ulimwalika mdogo wangu kutoa ushuhuda kwenye semina ya Umoja wa Wanawake, kuhusu imani katika mateso. Alikubali kwa sharti kwamba nije naye, nieleze habari za foliki asidi, na kwamba wasichana wa kipaimara wawepo, kwa kuwa wanawake wa semina wengi wao wameshamaliza kuzaa. Wazee wa kanisa wawili walipinga. Walisema kumweleza msichana wa kipaimara habari za mimba ni kumfungulia mlango. Mchungaji aliwasikiliza, akamgeukia mdogo wangu. Yeye akawajibu kwamba mlango wa kanisa lenyewe una ngazi saba na amebebwa mgongoni kuingia kikaoni, basi na wasimweleze habari za milango. Walikaa kitambo, wakaruhusu. Somo lilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Wasichana walikuja na madaftari. Mmoja aliuliza kama dada yake aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi anaweza kuzaa tena, nami nikamwambia anaweza, aje kwangu kwanza, kipimo chake cha vidonge ni kikubwa zaidi ya cha wengine na aanze kabla. Alikuja naye Jumanne.